Shilingi 100 za matunzo, na hakimu asiye na jedwali

Zamani Tanzania Bara, mama aliyezaa nje ya ndoa na kufanikiwa kumfikisha baba wa mtoto mahakamani aliambulia amri ya matunzo isiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Ndivyo sheria ilivyosema, na kiwango hicho kilibaki kwenye vitabu hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokifuta. Kufikia hapo mia haikutosha hata nauli ya daladala ya kwenda kuidai.

Leo hakuna kiwango. Hakimu anatakiwa kutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote lililompunguzia mzazi uwezo wa kutafuta riziki, watoto wengine wanaomtegemea, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Baada ya hapo anaandika tarakimu. Hakuna hesabu inayomtoa kwenye vigezo hivyo hadi kwenye tarakimu hiyo. Ni busara yake, na busara za mahakimu wawili hazifanani.

Wanaotaka jedwali, yaani viwango vya matunzo vilivyopangwa mapema kisheria, wana hoja. Jimbo la Wisconsin, Marekani, huanzia kwenye asilimia 17 ya kipato cha mzazi anayelipa kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, 29 kwa watatu. Mzazi anajua kitakachomkuta kabla hajapanga foleni. Watu wakijua hivyo, wengi wangemalizana kwa afisa ustawi wa jamii, kesi isifunguliwe kabisa.

Tatizo ni hili: asilimia 17 ya nini? Mwalimu ana slipu ya mshahara. Dereva wa bodaboda hana, wala mchuuzi wa dagaa. Baba akisimama na kusema biashara ni mbaya siku hizi, jedwali halina la kumjibu. Hakimu analo. Anaweza kuuliza kodi ya nyumba anayopanga, shule wanakosoma watoto wa nyumba yake ya sasa, kisha akaona kwamba mtu huyu haishi kwa laki mbili anazozitaja. Kwa uchumi wetu ulivyo, mimi nabaki upande wa hakimu, japo najua kwamba busara hiyohiyo ikikutana na uvivu huzaa tarakimu ya kukisia.

Swali la nani abebe mzigo lina utata wake. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtwika baba kwanza. Mama anaingia baba akiwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Sheria ya 2009 inatazama mifuko yote miwili. Kina baba hupenda kuvuka mpaka na kunukuu Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inayosema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Wasichokinukuu ni kwamba mahakama za hukohuko Kenya zimesema mara nyingi kuwa usawa huo si kugawa nusu kwa nusu. Mama anayeishi na mtoto ameshachangia kabla shilingi haijahesabiwa: chumba, uji wa asubuhi, usiku wa kukesha homa inapopanda.

Hata hivyo lipo lalamiko moja la kina baba nisilolipuuza: pesa ikishaingia kwenye simu ya mama, baba hajui inakoishia. Sheria ya Ndoa imelifikiria. Inaruhusu wajibu utimizwe kwa kutoa malazi, mavazi, chakula na elimu vyenyewe, au kwa kulipa gharama zake. Kwa hiyo ada inaweza kwenda shuleni moja kwa moja na chakula kikapitia kwa mama. Ila baba asilipe ada ya Januari akadhani mtoto hali hadi Januari nyingine.

Lakini ugomvi wote huo ni wa siku ya hukumu, na mtoto anaishi miaka baada ya siku hiyo. Kifungu cha 133 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinairuhusu mahakama kubadilisha au kufuta amri ikiwa ilitolewa kwa maelezo ya uongo au makosa, au hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Mlango huo uko wazi kwa wote wawili, na wote wawili huuacha. Baba akiachishwa kazi anaacha tu kulipa, akiamini kukosa kazi ni utetezi, kumbe amri iko palepale na deni linakua. Marekani wamelikaza zaidi: tangu 1986 sheria ya shirikisho inawazuia majaji kupunguza deni lililokwisha kulimbikizwa. Nafuu huweza kuanza pale tu ombi linapokuwa limefikishwa mahakamani na mzazi mwenzake kuarifiwa. Ni ukatili kwa aliyelazwa hospitali miezi sita. Kwa aliyejificha ni dawa.

Mama naye anabaki na shilingi 80,000, tuseme, zilizopangwa mtoto akinyonya, na sasa yuko darasa la tano. Kurudi mahakamani ni kufunga genge siku kadhaa, kwa nyongeza asiyo na hakika nayo.

Wapo wanaoogopa kwamba amri zikibadilishwa kirahisi, baba mjanja ataacha kazi na kuandikisha duka kwa jina la kaka yake. Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana hakimu hana budi kutofautisha aliyepungukiwa na aliyejipunguza. Lakini hofu hiyo inahusu kushusha. Kwa kupandisha, sioni kinachozuia amri yenyewe kutaja tangu mwanzo kiasi cha sasa, kiasi cha mtoto akianza shule, na kiasi cha akiingia sekondari. Baba akishindwa kukifikia, yeye ndiye afunge biashara yake na kwenda kumweleza hakimu.