Tambo ni deni: Bobby Fischer mbele ya mabingwa, 1958 hadi 1962

Agosti 1958, katika mji mdogo wa pwani wa Portorož, Yugoslavia ya wakati ule, walikutana wachezaji 21 wa sataranji kugombea nafasi sita za kuingia mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia. Mmoja wao alikuwa na miaka 15. Robert James Fischer, Bobby kwa wote, alitokea Brooklyn, New York, na hesabu yake alishaitangaza mapema: wakubwa atatoka nao sare, walio dhaifu atawafunga, na kwa mtaji huo atapita. Maneno hayo hayakupokewa vizuri. Ukumbini alikuwamo David Bronstein, aliyewahi kumaliza sare na bingwa wa dunia katika mechi nzima ya kugombea taji. Alikuwamo Tigran Petrosian, Svetozar Gligorić wa hapohapo Yugoslavia, na Mikhail Tal, bingwa wa Umoja wa Kisovieti miaka miwili mfululizo. Hao ndio mtoto aliokuwa akiwapangia matokeo.

Tazama sasa alichofanya. Michezo 20: ushindi 6, sare 12, vipigo 2. Alitoka sare na Tal, na Petrosian, na Bronstein, na siku ya mwisho, akiwa na kete nyeusi, akatoka sare na Gligorić pia. Ushindi ni alama moja, sare nusu: alama 12, nafasi ya tano sawa na Friðrik Ólafsson wa Iceland. Akapita, tena kwa njia ileile aliyoitaja. Kwa matokeo hayo akapewa cheo cha grandmasta, kikubwa kuliko vyote katika sataranji, akiwa mdogo kuliko yeyote aliyewahi kukipata hadi siku hiyo.

Tangu hapo watu wamegawanyika juu yake, na mgawanyiko huohuo hujitokeza barazani kwetu kila anapochipuka kijana mwenye mdomo, awe wa ndondi, wa mpira au wa muziki. Kuna wanaosema mwacheni, kipaji kinamruhusu. Kuna wanaosema hana adabu, na asiye na adabu hafiki mbali. Mimi siridhiki na yeyote kati yao, kwa sababu wote wanapima mdomo tu. Ahadi ni deni, tunasema, na tambo nayo ni deni, tena lililokopwa mbele ya watu. La kuuliza ni kama mkopaji alilipa, na pale ambapo hakulipa, nani aliumia.

Kwanza tujue tambo zile zilitoka wapi. Fischer alijifunza sataranji akiwa na miaka sita, yeye na dada yake Joan, kwa seti iliyonunuliwa kwenye duka la peremende chini ya nyumba waliyokuwa wakiishi. Mama yake, Regina, aliwalea peke yake. Kwa hiyo mtoto alicheza sana na nafsi yake, akajifundisha Kirusi cha kutosha kusoma majarida ya Kisovieti, kwa kuwa huko ndiko elimu ya mchezo ilikokuwa. Wenzake wa Moscow na Leningrad walikuwa na makocha, posho ya serikali, na kundi zima la wataalamu la kuchambua nao usiku michezo iliyosimamishwa ili imaliziwe siku nyingine. Yeye alikuwa na begi. Akiwa na miaka 14 alitwaa ubingwa wa Marekani bila kufungwa hata mchezo mmoja, lakini ubingwa ule haukuja na chama cha kumbeba. Hata safari ya ndege ya kwenda Moscow na kisha Yugoslavia aliipata kupitia kipindi cha mchezo kwenye televisheni.

Mtoto wa namna hiyo asipojiamini kupita kiasi hatoki nyumbani. Hili nalisema kwa uzito wote, kwa sababu wanaomlaumu hulipita haraka. Unyenyekevu ni rahisi kwa mtu mwenye ukoo wa kumsemea. Aliye peke yake hujisemea, na anayejisemea huonekana mjeuri. Kwenye mabaraza yetu ya bao kutambiana ni sehemu ya mchezo, na hakuna anayekasirika, maana aliyetambiwa naye ana ulimi wake. Kule Portorož waliotambiwa walikuwa watu wazima wenye suti na heshima ya dola nyuma yao. Hawakumjibu kwa maneno. Walisubiri.

Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Waliopita Portorož waliingia mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Septemba na Oktoba 1959, katika miji ya Bled, Zagreb na Belgrade. Wachezaji 8, kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara nne, michezo 28. Fischer alikuwa na miaka 16 na msaidizi mmoja, Bent Larsen wa Denmark. Mtoto akililia wembe mpe, na aliyempa ni Tal.

Tal alikuwa na miaka 22 tu, naye hakuwa mpole. Inasimuliwa kwamba mashabiki walipomfuata wakiwa wamekosa saini ya Fischer, Tal aliwaandikia yeye jina la Fischer, akisema kwa mara alizokwisha kumfunga amepata haki ya kumsainia. Ulikuwa utani wenye makali, na walioucheka ni haohao waliokuwa wakimwita Fischer mtovu wa adabu. Hapo nauona ubaguzi wetu waziwazi. Jeuri ya mcheshi tunaisamehe, jeuri ya mpweke hatuisamehi.

Lakini kilichotokea katika mchezo wao wa nne ndicho ninachokirudia kila ninapomfikiria kijana huyu. Tal alikwisha kumfunga mara tatu. Safari hii Fischer, mwenye kete nyeupe, alikuwa na nafasi nzuri ya kushambulia. Ilipofika hatua ya 22 hakugusa kete. Aliandika kwanza kwenye karatasi yake hatua aliyoifikiria, kuleta ngome yake katikati, hatua nzuri, kisha akaisogeza karatasi kidogo ili Tal aione. Alitaka kuusoma uso wake. Tal alisimulia baadaye kwamba alielewa mtego: akikunja uso, mtoto atajua amepatia. Akainuka, akatembea jukwaani, akataniana na mwenzake kana kwamba mchezo hauna neno. Fischer akaketi akiiangalia karatasi. Mwisho akaifuta hatua ile, akaandika nyingine ya kumtishia mfalme kwa malkia, akaicheza, na akafungwa kwa mara ya nne. Alipoulizwa na Tal kwa nini aliiacha ile ya kwanza, alijibu kwamba aliona Tal amecheka.

Huyo ndiye mjeuri wetu. Kijana aliyetangaza kwamba hamhitaji mtu alimwomba adui yake, kwa kipande cha karatasi, amthibitishie kuwa amepatia. Wanaosema tambo zake zilikuwa dharau kwa wakubwa waitazame karatasi ile. Na wanaosema kujiamini kwake ndiko kulikompandisha nao waitazame, kwa sababu mezani, saa ilipohitajika, kujiamini kwenyewe hakukuwapo. Alikuwa amekutumia kote kwa waandishi wa habari.

Matokeo ya mashindano yale husomwa vibaya. Tal alishinda kwa alama 20, akaenda kumvua taji Mikhail Botvinnik mwaka 1960. Fischer alipata 12.5, sawa na Gligorić, na wengi wakasema basi, mtoto amekomeshwa. Ondoa michezo minne ya Tal uhesabu upya. Dhidi ya watu sita waliobaki, akiwamo Vasily Smyslov aliyewahi kuwa bingwa wa dunia na Paul Keres aliyeshika nafasi ya pili, kijana wa miaka 16 alipata alama 12.5 katika michezo 24. Zaidi ya nusu. Kuna bingwa mmoja tu aliyemkomesha, na miaka miwili baadaye, katika mji uleule wa Bled, Fischer alimfunga bingwa huyo, akawafunga Petrosian na Efim Geller, akatoka sare na Keres, akamaliza wa pili nyuma ya Tal bila kupoteza mchezo hata mmoja. Deni lile lililipwa, kwa kuchelewa kidogo.

Kuna lisilolipwa. Mwanzoni mwa 1962 jarida moja la Marekani lilichapisha mahojiano ambamo alijitapa kuwa anaweza kumfunga mwanamke yeyote duniani hata yeye akianza bila farasi wake mmoja. Baadaye alilalamika kwamba mwandishi aliyapotosha maneno yake. Hata hivyo tambo ile ilishazagaa, na haikuwa na meza ya kuipima, kwa sababu wanawake wenyewe hawakualikwa kwenye mashindano yale makubwa. Mwaka huohuo Nona Gaprindashvili wa Georgia alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake, na mwaka 1978 akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo kamili cha grandmasta. Hapa simtetei Fischer hata chembe. Kumtambia aliye mezani ni mchezo. Kumtambia aliyefungiwa mlango ni uonevu, na wasichana waliosoma maneno yale ndio walioumia.

Mwaka uleule wa 1962 ulikuja mgogoro mkubwa zaidi, na ndipo pande mbili zinapogongana kweli. Fischer alikuwa ameshinda mchujo wa Stockholm, wa aina ileile ya Portorož, kwa kuwaacha wenzake alama 2.5. Alikwenda kisiwa cha Curaçao, Karibi, Mei na Juni, kwenye mashindano ya wagombea kama yale ya 1959, kila mtu akimtazama yeye. Akamaliza wa nne kwa alama 14, na Petrosian akashinda kwa 17.5, Keres na Geller wakiwa na 17 kila mmoja. Agosti, gazeti la Sports Illustrated likachapisha mashtaka yake kwamba Warusi wanapanga matokeo. Wengi wakamcheka: mtoto ameshindwa, anatafuta visingizio.

Tazama rekodi. Petrosian, Keres na Geller, wote wa Umoja wa Kisovieti, walicheza wao kwa wao michezo 12, na yote 12 ilikwisha sare, mingi ikiwa mifupi mno. Faida ya makubaliano ya namna hiyo inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kucheza mashindano marefu kwenye joto la tropiki: watatu wanapumzika siku wanazokutana, wa nne anapigana kila siku. Miaka mingi baadaye watu wa karibu na kundi la Kisovieti walikubali kwamba maelewano yalikuwepo. Kwa hiyo kijana alisema kweli, na aliisema wakati wakubwa waliojua walikaa kimya. Kimya chao nacho kihukumiwe, maana mara nyingi tunachokiita adabu ni kuogopa kusema.

Lakini hesabu ya upande wa pili haifutiki. Fischer alifungwa michezo miwili ya kwanza, na Pál Benko kisha Geller. Benko hakuwa katika kundi lolote la Kisovieti; aliichezea Marekani. Alama 3.5 alizoachwa hazikutokana na sare za watu wengine. Angekuja na shtaka lile kama mtu aliyeona dosari ya mfumo, angesikilizwa na watu wengi zaidi. Alilileta kama maelezo ya kushindwa kwake, akaliongezea tuhuma ambazo hakuweza kuzithibitisha, na kweli ikachanganyika na kinyongo mpaka ikawa vigumu kuitenga. Pamoja na hayo, shirikisho la dunia, FIDE, liliubadili utaratibu: kuanzia 1965 wagombea walikutana wawili wawili kwa mtoano, ambako sare za kupangana hazimsaidii mtu wa tatu. Ni kwa njia hiyo mwaka 1971 Fischer alimfunga Mark Taimanov 6 kwa 0, kisha 6 kwa 0 nyingine dhidi ya Larsen, yule msaidizi wake wa Bled, halafu Petrosian, na mwaka 1972 kule Reykjavik akatwaa taji kwa Boris Spassky, 12.5 kwa 8.5.

Wapenzi wake husimulia hadithi hadi hapo na kusema: mnaona, jeuri ililipa. Wanaruka Sousse, Tunisia, 1967. Alikuwa anaongoza mchujo kwa alama 8.5 katika michezo 10, akagombana na waandaaji juu ya ratiba, akajitoa. Miaka yake bora ya ujana ikapita hivyo, mezani hayupo, na aliyepoteza zaidi ni yeye na sisi tuliokosa michezo ambayo angeicheza. Ama maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi aliyoyatoa uzeeni, hayo hayamo katika hesabu hii kabisa. Hayakuwa tambo za kijana, na wanaoyapitisha chini ya mwavuli wa kipaji wanafanya makosa mabaya.

Narudi Curaçao. Katikati ya mashindano yale Tal, ambaye figo zilimsumbua maisha yake yote, aliugua, akajitoa baada ya michezo 21 na kulazwa hospitalini. Yeye ndiye aliyemfunga Fischer mara nne, akamsainia jina lake, akamfanya afute hatua nzuri. Fischer alikwenda kumjulia hali. Picha ipo: Tal kitandani na nguo za kulalia, Fischer kakaa karibu yake, ubao wa sataranji katikati yao, na wote wawili wanacheza.