Shilingi Moja ya Shangazi

Shangazi yangu ndiye aliyenitafutia kazi ile, na naomba hilo likumbukwe, kwa maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuumia. Chama chake cha akiba na mikopo, mjini Morogoro, kilitaka kila mwanachama apelekewe salio lake kwa ujumbe mfupi wa simu kabla ya mkutano mkuu, naye akawahakikishia wajumbe wa bodi kwamba mtoto wa kaka yake amesomea kompyuta na angeifanya kazi hiyo kwa nauli na chakula cha mchana.

Katibu alinikabidhi faili la CSV lililotolewa kwenye jedwali la Excel. Kila mwanachama alikuwa na mstari wake, na ndani ya mstari mlikuwa na namba ya uanachama, jina, simu na salio, vyote vikitenganishwa kwa mkato. Mtego mmoja wa mafaili haya niliujua vizuri: Excel huidhania namba ya simu kuwa hesabu, ikaimeza sifuri ya mbele. Nikaandika kipande cha programu cha kuirudisha, kisha nikajipongeza kwa soda baridi. Kazi iliyobaki, yaani kuugawa mstari katika safu zake, niliimaliza kwa amri moja tu: kata kila penye mkato. Ni kweli kwamba Python, lugha ya kompyuta niliyoitumia, ina maktaba yake ya kusoma CSV, yaani programu iliyokwisha kuandikwa, tena imo humo tangu 2003, lakini niliona kuitumia kwa kazi ndogo namna ile ni sawa na kumwita seremala aje kunifungulia dirisha. Usiku ule ule nikatuma ujumbe wote, nikalala.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ililia.

“Shikamoo, Shangazi.”

Hakuitikia. “Hii shilingi moja,” aliuliza, “ni yangu peke yangu, au na wewe una hisa humo?”

Akiba yake ilikuwa Sh 1,250,000. Yeyote anayeitazama namba hiyo kwa utulivu, utulivu ambao mimi sikuwa nao hadi saa hiyo, ataona kwamba ina mikato miwili ndani yake. Excel ilikuwa imeizungushia alama za nukuu ili kumwonya msomaji kwamba mikato hiyo si mipaka ya safu. Mimi nilikuwa nimeziondoa alama hizo kwa kudhani ni uchafu, nikakata, nikachukua kipande cha kwanza na kukiita salio. Mwenye laki nane na nusu alipata shilingi 850, na wenye mamilioni wakawa mafukara kuliko wote. Mtu mmoja tu alipata salio lake halisi: mzee fundi baiskeli, ambaye akiba yake ilikuwa Sh 700 na kwa hiyo haikuwa na mkato wowote wa kukatwa. Asubuhi hiyo alifika ofisini amevaa kanzu, akaupongeza uongozi kwa kuleta mitambo isiyodanganya, na akashangaa kimyakimya kuona kwamba amempita hata mwenyekiti.

Mtu mwenye busara angeikimbilia maktaba pale pale. Mimi niliandika kichanganuzi changu mwenyewe, yaani programu ya kuugawa mstari. Nilikiagiza kwamba kikikutana na alama ya nukuu kisijali tena mkato wala mwisho wa mstari, hadi kikute alama ya aina ile ile inayofunga. Na kwa kuwa wapo watu wanaotumia nukuu za vijiti viwili na wapo wanaotumia za kijiti kimoja, nikazikaribisha zote mbili, kwa ukarimu ambao hakuna aliyeniomba. Nilijaribu kwa mistari kumi ya mwanzo, yote ikatoka safi.

Mstari wa kumi na nne ulikuwa wa mwanachama mwenye jina la Kisukuma linaloanza na Ng’. Ile ritifaa, yaani kile kijiti kimoja, ambayo kwetu ni sehemu ya sauti tu, programu yangu iliipokea kama mlango uliofunguliwa. Ikaendelea kusoma jina la mtu huyo, likafuatwa na simu yake, salio lake, jirani yake, jirani wa jirani yake na mia saba ya fundi baiskeli, hadi ilipokutana na Ng’ nyingine mistari ishirini mbele, ndipo mlango ukafungwa. Kwa hesabu ya programu, wanachama ishirini na mmoja walikuwa sasa mtu mmoja mwenye jina refu sana.

Ujumbe wa mtu huyo ulikwenda kwenye simu iliyofuata baada ya jina, nayo ilikuwa ya mama anayeuza dagaa sokoni. Uliingia kwa vipande saba, ukianza na “Ndugu” na kuwataja wote kwa majina, simu na akiba zao. Mama yule ni mtu mwaminifu. Alidhani ametumwa awafikishie, akawafikishia kwa sauti. Shangazi alikuwa mmojawapo. Kabla ya adhuhuri, jamaa wawili ambao hawakuwa wamempigia tangu msiba wa mwaka uliopita walimpigia kumjulia hali, na mmoja wao alikuwa na wazo la biashara ya kuku.

Jioni nilisoma RFC 4180, waraka wa 2005 unaoeleza umbo la CSV, nikakuta kwamba nukuu inayotambuliwa humo ni ya vijiti viwili peke yake. Kisha nikaita maktaba. Mistari yangu sitini ya programu ikawa minne, na ujumbe ukatoka sahihi kwa kila mtu.

Kesho yake fundi baiskeli alirudi, safari hii bila kanzu.

“Mwanangu,” alisema, “shangazi yako juzi alikuwa na shilingi moja, leo ana milioni na ushee. Mwenyekiti naye vivyo hivyo. Mimi nilikuwa na mia saba, na bado nina mia saba. Hilo kosa lenu, mbona mimi hamkunifanyia?”