Msanii wa mtaani alipwe hata asipobeba ujumbe wa mtu

Watanzania tunaoishi Uingereza tumezoea kusema kwamba wenzetu huku wanajua kuthamini sanaa, sisi hatujui. Baada ya kushinda Greenwich siku nzima nikitazama maigizo ya mtaani, kauli hiyo siikubali tena.

Tamasha lenyewe, Greenwich+Docklands International Festival, lipo tangu 1996. Hufanyika kusini-mashariki na mashariki mwa London, na siku hizi huanguka mwishoni mwa Agosti na kuingia Septemba. Hakuna kiingilio wala siti za waheshimiwa. Ukifika karibu na meli kongwe ya Cutty Sark unakuta watu wamekaa chini, watoto wamebebwa mabegani, na katikati yao mtu anacheza. Onyesho lililonishika lilikuwa la wachezaji wawili, mmoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Pembeni alisimama mkalimani wa lugha ya alama, kavaa nguo nyeusi, na mama mmoja kiziwi aliyekaa mbele yangu akaangua kicheko pamoja nasi, palepale. Nyumbani sijawahi kuona mkalimani kwenye uwanja wa ngoma, na inaniuma, maana viziwi tunao.

Ila kwa upande wa watazamaji, hapa hatuna la kujifunza. Mimi ni mtoto wa Usukumani. Kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma pale Bujora karibu na Mwanza, mwezi Juni, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa jadi, huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Hakuna jaji mezani. Huku wanakuja na majembe wanayoyarusha hewani, kule mtu anatoka na chatu shingoni, na umati wote unahama mbio, vumbi linatimka, walioachwa wanabadilisha wimbo haraka kabla uwanja haujawakauka. Watu wanaohukumu sanaa kwa miguu yao namna hiyo, utasemaje hawaithamini?

Tofauti iko kwenye hela. Tamasha la Greenwich linabebwa na fedha za umma, za Arts Council England, baraza linalogawa fedha za umma kwa sanaa, na za halmashauri ya hapo, na msanii hulipwa kwa kazi yake yenyewe, hata kama haifundishi kitu. Kwetu msanii wa mtaani hupata malipo ya uhakika akibeba ujumbe wa mtu: chandarua, Ukimwi, chanjo, kampeni. Sanaa shirikishi, yaani hayo maigizo ya kuelimisha yanayowahusisha watazamaji, imefanya kazi kubwa na siibezi hata kidogo. Lakini kikundi kinachotaka tu watu wa sokoni wacheke na kushangaa kinabaki kungoja kutuzwa.

Najua nitaambiwa dawa na madawati kwanza. Sawa. Lakini akija kiongozi, vikundi vya ngoma huitwa kumpokea, vinacheza juani kutwa nzima, na fungu la kumkaribisha mgeni huwa limeshapatikana. Halmashauri zetu zianzie hapo. Vikundi hivyohivyo vipewe siku yao sokoni au stendi, bila mgeni rasmi na bila hotuba, kwa ujira uliokubaliwa kabla ngoma haijalia, na mkalimani wa lugha ya alama awemo kwenye bajeti hiyohiyo.