Ulfric hakupewa nafasi ya kujibu

Wiki iliyopita nilimsikia rafiki yangu akimmaliza Ulfric Stormcloak, kiongozi wa waasi katika gemu ya Skyrim, kwa neno moja: mbaguzi. Mwenzake akajibu kwa neno moja vilevile: shujaa. Wakahamia mada nyingine. Mimi nilibaki nimekereka. Skyrim imetoka tangu 2011, na mtu yule bado tunamjadili kama tunampigia kura.

Ubaguzi wake siukatai. Unaingia Windhelm, mji wake, mara ya kwanza, na pale pale karibu na lango Mnord mmoja, yaani mtu wa kabila la Ulfric, anamtisha mwanamke wa Kidunmer, jamii ya wakimbizi. Mnord huyo ni Rolff, ndugu wa Galmar, mkono wa kulia wa Ulfric. Wadunmer wamesongamana mtaa wa Gray Quarter, na Waargonia, watu-mijusi, hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta, wako huko nje gatini. Jarl, yaani mtawala wa mji, ni Ulfric, lawama ni yake. Na ni yeye aliyemwua Torygg, mfalme wa Skyrim, baada ya kumwangusha kwa Sauti, nguvu ya maneno aliyofundishwa na wazee waliojitenga na vita.

Lakini kuna ile faili. Ukijipenyeza kwenye karamu ya ubalozi wa Thalmor, maadui wa zamani wa Dola inayotawala Skyrim, unakuta ripoti zao za siri, na mojawapo inamhusu yeye. Alitekwa katika Vita Kuu kati yao na Dola, Elenwen, ambaye sasa ni balozi wao, akamhoji kwa mateso, kisha akaaminishwa kwamba siri alizozitoa ndizo zilizouangusha mji mkuu wa Dola. Uongo mtupu! Mji ulikuwa umeshaanguka kabla yeye hajavunjika. Wakamwacha atoroke na aibu isiyokuwa yake. Sasa wanataka vita vyake viendelee tu, asishinde, maana nchi ya Skyrim ikijichinja yenyewe wao ndio wanaofaidi.

Niliposoma hayo niliweka pedi ya kuchezea chini. Hotuba zote nilizomsikia akitoa zilibadilika. Hasira yake juu ya kupigwa marufuku kwa Talos, mungu wa Wanord, ni ya haki kabisa, kwani mungu wa watu hafutwi kwa saini ya mkataba. Ila mtu anayeamini kwamba aliwahi kuwasaliti wenzake hawezi kurudi nyuma hata hatua moja, na walio wake amewapunguza mpaka wakabaki Wanord peke yao. Jeraha lake na dhambi yake vina mzizi mmoja. Utata wa kweli wa kiongozi wa waasi uko hapo, na ni nadra sana gemu kuufikia.

Nikapanda farasi hadi Windhelm, nikasimama mbele ya kiti chake, faili ninayo. Hakuna sentensi hata moja ya kumwambia. Nikajiunga na jeshi lake, nikamshindia vita, nikarudi. Kimya.

Haya, dunia ile ni kubwa mno, haiwezekani kila karatasi iandikiwe mazungumzo. Nakubali. Lakini karatasi hii ndiyo moyo wa vita vyote! Mwaka uleule wa 2011, gemu ya Dragon Age II ilimfanya Anders, mchawi mwasi unayesafiri naye, alipue kanisa la mji wa Kirkwall, kisha ikamkalisha mbele yako akisubiri. Umwue, umfukuze, au umbakize. Mtu uliyetembea naye miaka. Sikulala vizuri usiku ule.

Kinachoniudhi kuliko yote ni njia ya mkato. Gemu ya BioShock Infinite ya 2013 ilimpa Daisy Fitzroy, kiongozi wa waasi, kilio cha haki, kisha ghafla ikamshikisha silaha juu ya mtoto ili mchezaji asihangaike tena na kilio chake. Mwaka uliofuata wakatoa maelezo ya ziada kwamba aliombwa afanye hivyo. Kiraka tu. Ukatili wa kubandikwa haumfanyi mwasi awe na utata, unamnyamazisha.

Kila nikianza Skyrim upya huiiba faili ile tena ubalozini. Naipeleka hadi ukumbini Windhelm, nasimama mbele ya Ulfric, namfungulia mazungumzo, nasoma machaguo yote hadi la mwisho.