Yai Langoni: Nani Humrudishia Mtu Roho Yake?

Mtu aliyeponea chupuchupu ajalini husema "roho iliniruka". Baadaye, akishakunywa maji na kukaa kitako, atakwambia sasa roho imetulia. Kiswahili chetu kilikubali zamani kwamba kiwewe humwachanisha mtu na roho yake. Kinachotushinda ni namna ya kuirudisha. Ushauri unaozagaa kwenye simu zetu ni wa aina moja: jitenge, funga macho, vuta pumzi, sikiliza nafsi yako. Sina ugomvi na pumzi. Lakini Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, waliokaa vitani karibu miaka 20, wana jibu jingine, mila ya kukanyaga yai langoni, na jibu hilo limebezwa mno. Wapo walokole wanaoliita ushirikina. Wapo wataalamu wanaoliona pambo la utamaduni, lisilo na kazi yoyote kwenye tiba.

Katika vita hivyo, waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) wa Joseph Kony waliteka watoto kwa makumi ya maelfu. Wengine walilazimishwa kuua, tena kuua watu wa kwao. Waliorudi nyumbani walikuja na usiku wa kupiga mayowe na mchana wa kimya kizito. Waacholi huiita hali hiyo cen (tamka "chen"): roho ya mtu aliyeuawa vibaya, au ya maiti iliyoachwa bila kuzikwa, inayomwandama aliyeua na hata aliyepita tu karibu na mwili. Daktari akizikuta dalili hizohizo ataandika jina jingine kwenye faili. Ila cen haimkai mgonjwa peke yake. Inaweza kuhamia kwa mama, kwa wadogo zake, kwa mtoto atakayezaliwa. Basi nyumba nzima ina sababu ya kuhusika na tiba.

Ndipo linapokuja yai. Kabla aliyerudi hajaingia uani, wazee huweka chini vitu vitatu: yai bichi, kijiti cha mti uitwao opobo, na layibi, ule mti wa kuinulia paa la ghala la nafaka. Anavua viatu, anakanyaga yai hadi lipasuke, anavuka, anaingia. Wenyewe hueleza kwamba yai halina mdomo, kwa hiyo halimsemi mtu vibaya. Opobo huteleza kama sabuni, unaosha. Na layibi inamwambia: ghala ulilokuwa ukipata chakula chako bado ni lako.

Mimi hiyo layibi hunisimamisha kila mara. Msichana ametoka porini akiamini hastahili hata kutazamwa usoni, na watu wa kwao wanamwekea miguuni mti wa kufungulia chakula. Hawamuulizi ameua wangapi. Yeye anapiga hatua moja tu, kazi nyingine yote ni ya waliosimama ndani wakimngoja. Ndiyo maana nasema ushauri wa kujifungia chumbani unamtwisha mgonjwa mzigo ambao Waacholi waliugawa kwa ukoo mzima.

Upande wa pili nao una hoja, na baadhi zinauma. Vita viliwasukuma watu hadi milioni 1.8 kwenye kambi. Kambini chakula kilikuja kwa mgao, na maghala yalikuwa yamebaki kwenye vijiji vilivyoachwa. Layibi inafungua nini pale ambapo ghala halipo? Wafadhili nao wakaanza kugharimia kukanyaga mayai kwa makundi, na jambo la mlango wa nyumba moja likageuka hafla ya uwanjani. Tena yai halisemi kitu kuhusu aliyebakwa. Linamwosha yeye, wakati aliyemfanyia hivyo hayupo hapo wala hatajwi.

Kuna pia suala la haki. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto, njiani akienda shule, akakua hadi kuwa kamanda wa LRA. Mei 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kifungo cha miaka 25, na ombi la mawakili wake kwamba mila za Kiacholi zihesabiwe katika adhabu likakataliwa. Naona majaji walifanya sawa. Waacholi wenyewe hawachanganyi mambo haya. Deni la damu lina mila yake, mato oput, ambapo koo mbili hunywa mzizi mchungu baada ya ukweli kusemwa na fidia kutolewa. Yai ni la kukupokea tu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya utafiti, maana upande huo una namba. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kaskazini mwa Uganda kwa vijana 85 waliowahi kutekwa na waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe. Kundi moja lilipewa vikao 8 vya kusimulia maisha yao toka mwanzo, na likapata nafuu kubwa kuliko wengine. Sibishani na hilo. Naomba tu tuitazame tiba yenyewe kwa karibu. Kamba hunyooshwa chini kuwa maisha ya mtu, maua yakawekwa penye mema na mawe penye mabaya. Mwishoni simulizi yake huandikwa na kusomwa mbele yake. Na walioongoza vikao hivyo hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa hukohuko waliopewa mafunzo, na waliwafuata vijana mahali walipoishi. Yaani mgonjwa alifuatwa kwake na mtu wa kwao, akaketi naye, akasikiliza hadi mwisho bila kukimbia. Hata kundi lililowekwa kusubiri zamu ya tiba lilipata nafuu kiasi, na mimi nashuku ni kwa kuwa vijana hao walikuwa tayari wameingia lango la kwao.

Jambo ambalo yai halifanyi, mawe ya kwenye kamba hulifanya: kulitaja lililotokea. Nisingependa mtu yeyote anyimwe kimoja kwa sababu ya kingine.

Wapo ambao hakuna tiba kati ya hizi mbili iliyowafikia. Wasichana wengi walirudi na watoto wa waasi migongoni. Mama akivuka yai anapokelewa, lakini kwa Waacholi ardhi hufuata ukoo wa baba, na baba alibaki porini au hajulikani jina lake halisi. Wajomba hunyamaza, kisha siku ya kugawa shamba wanakumbuka. Wengi wa watoto hao leo wamepita miaka 20. Wanaulizwa wewe ni wa nani, palepale langoni ambapo mama yao alikanyaga yai.