Kansa ya ngozi sio ya wazungu peke yao, angalia na nyayo zako

Kila mada ya kansa ya ngozi ikiguswa lazima atokee mtu aseme hiyo ni ya wazungu, sisi weusi tuna melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, jua halitufanyi kitu. Naelewa hayo maneno yametoka wapi, melanini kweli inapunguza mionzi ya jua inayofika kwenye seli na ndio maana ugonjwa huu uko kwa wingi kwa watu wa ngozi nyeupe, ila ukweli wa nusu nusu kwenye ugonjwa una hatari yake, na mimi naamini kabisa hiyo imani inaua watu, maana mtu mweusi akiupata hata hauwazii, anakuja kufika hospitali ukiwa umeshasambaa.

Bob Marley mnamjua wote. Mwaka 1977 aligundulika na melanoma, aina mojawapo ya kansa ya ngozi, chini ya ukucha wa kidole cha mguu, mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira tu, na Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36 kansa imeshafika mpaka kwenye ubongo. Chini ya ukucha wa mguu jamani, jua linafikaje hapo? Hii melanoma inayoota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha haisababishwi na jua kama zile nyingine, na mtu mweusi akipata melanoma mara nyingi ndio hii hii. Kwahiyo ukimwambia apake losheni ya kuzuia jua halafu ukaishia hapo, hujamsaidia sana.

Aina kubwa ziko tatu. Ile ya seli za basali ndio inaongoza duniani kwa wingi, inakua taratibu na ni nadra kusambaa ila ukiiacha inakula pua au sikio. Melanoma ni chache kuliko zote ila ndio katili zaidi. Halafu kuna ya seli za skwamasi, na hii nataka mtu mweusi aijue vizuri kwa sababu ndio inayotupata zaidi na inapenda kuota sehemu ambazo ngozi iliumia zamani, kovu la kuungua moto, kidonda ndugu kilichokaa miaka mguuni watu wakakizoea. Kikianza kuvimba kingo, kutoa damu ovyo au kuota kinyama, hapo usiendelee kukifunga bandeji tu.

Sasa kwa wenye ualbino habari ni tofauti kabisa, kwao jua ndio adui namba moja na uharibifu unaanza tangu utotoni. Kofia pana, mikono mirefu, kukaa kivulini hasa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, losheni ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha nguvu yake, kimeandikwa kwenye chupa) 30 kwenda juu na kuirudia kila baada ya masaa mawili ukiwa nje, mawingu yakiwepo pia upake maana mionzi inapita. Na hapa nitasema wazi, hiyo losheni kwao ni dawa, kuiweka kundi moja na vipodozi na kuiuza bei ya vipodozi ni kuwaonea, inatakiwa watoto wenye ualbino waipate bure.

Na wanaojichubua nao wasikilize, ile melanini mnayoipunguza kwa krimu ndio kinga yenyewe. Kinga ya mwili ikishuka pia hatari inapanda, kwa mfano mtu anayeishi na VVU au aliyepandikizwa figo na anatumia dawa za kushusha kinga.

Cha kufanya hakina gharama. Ukitoka kuoga jiangalie, nyayo, katikati ya vidole, viganja, kucha, mgongo mwombe mtu akuangalizie. Doa ambalo nusu yake hailingani na nusu nyingine, kingo hazieleweki, lina rangi mbili tatu, linakua au linabadilika, lipeleke hospitali. Kwenye kucha usipanik, sisi weusi wengi tuna mistari myeusi kwenye kucha kadhaa na haina shida, wa kushtukia ni mstari mmoja mpya unaozidi kupanuka au weusi unaohamia kwenye ngozi pembeni ya ukucha. Na kidonda kisichopona mwezi mzima kisikae nyumbani.

Ila kuna upande wa pili nao unanikera, picha nyingi wanazosomea madaktari zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, kwahiyo unaweza kuwahi na bado ukapewa dawa ya fangasi. Ukishatumia dawa ukamaliza na hali iko vile vile, rudi, omba wakate kinyama kidogo kipimwe maabara, na kama hapo hawafanyi omba rufaa kwa daktari wa ngozi, usione aibu kuomba mara ya pili.