Ujuzi wa kufunga mwamba ulivyovuka bahari

Nimekulia pwani. Siku za bamvua, maji yakishapwa, nyumbani tulibaki watoto na wazee. Akina mama wameshuka na vijiti vyao kuchokoa pweza mwambani. Miaka ikapita, vikapu vikawa vyepesi. Pweza wa kilo mbili akawa habari ya kusimuliwa. Kila mtu alijua tunamtoa akiwa bado mdogo, na kila mtu aliendelea kumtoa, kwa sababu ukimwacha leo, mwenzio anamchukua kesho asubuhi.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa imeshapatikana kwenye bahari hii hii, upande wa Bukini, kama wazee wetu walivyoiita Madagaska. Mwaka 2004 wavuvi Wavezo wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, wakiwa pamoja na Blue Ventures, shirika la uhifadhi wa bahari, walikubaliana kufunga mwamba mmoja, yaani kutovua pweza hapo, kwa miezi kadhaa kisha kuufungua. Pweza hukua upesi mno na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo hata miezi miwili mitatu ya kuachwa inamtosha kunenepa. Vijiji jirani vikaona kilichotoka siku ya kufungua, navyo vikataka. Kufikia 2006 vijiji zaidi ya 20 vilikuwa vimeungana chini ya jina la Velondriake, maana yake kuishi na bahari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopitia ufungaji wa mara 36 katika eneo hilo, ulikuta kwamba mwezi mmoja baada ya kufungua, pweza waliovuliwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na anachopata mvuvi mmoja kwa siku kiliongezeka kwa karibu asilimia 90. Tazama pengo kati ya namba hizo mbili. Mwamba ukifunguliwa watu hufurika, na pweza wengi wanagawanywa kwa mikono mingi. Nani aruhusiwe kushuka siku hiyo? Wa kijiji jirani aambiweje? Mambo ya namna hii, ambayo ndiyo yanayovunja au kujenga mpango mzima, anayajua aliyesimama pale pwani akasukumana na watu.

Ndiyo maana naamini ujuzi wa aina hii hauhami kwa karatasi. Wavuvi wa Rodrigues, kisiwa kilicho chini ya Morisi, walisafiri hadi Velondriake wakaona kwa macho yao na kuwauliza wenzao. Mwaka 2012 Rodrigues ikafunga uvuvi wa pweza, na haikufunga mwamba mmoja mmoja kama Wavezo; ilifunga kisiwa kizima kwa kipindi maalumu. Waliuchukua ujuzi wakaukata kwa kipimo chao. Huku kwetu, Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya Zanzibar kujaribu, kwa msaada wa shirika la Mwambao Coastal Community Network, na kamati ya uvuvi ya shehia, ngazi ya chini ya utawala huko Zanzibar, ndiyo yenye kulinda mwamba. Nako Madagaska, mwaka 2012, jamii zinazosimamia bahari zao ziliunda mtandao wao wa nchi nzima, MIHARI, ili kijiji kisisubiri mtaalamu wa kuja kukitembelea ndipo kijue kijiji kingine kimefanya nini.

(Nikiwafikiria Wavezo huwa nakumbuka kwamba Kimalagasi humwita ng'ombe omby na mbwa amboa. Watu wa pwani hizi walianza kupeana maneno zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuandika mradi.)

Tatizo ninaloliona liko kwenye mashirika yenyewe. Wakati mmoja niliitwa kuandika kumbukumbu za kikao cha kamati ya wavuvi katika kijiji kimoja. Shirika lililokuja lilikuwa na makabrasha yaliyochapwa vizuri, picha za rangi, na mtoa mada mwenye nia njema kabisa. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mwanangu, hao waliofunga, miezi hiyo yote walikula nini?" Mtoa mada alinyamaza. Hakuwa amewahi kuulizwa, na ripoti aliyoisoma haikuwa na jibu.

Kijiji cha pili, mwendo wa nusu saa kwa mtumbwi, kilikuwa kimeshafunga mwamba mwaka uliotangulia chini ya shirika jingine. Jibu walikuwa nalo. Lakini mashirika hayo mawili hayakuwa yakisemezana. Kila moja lina mfadhili wake, taarifa yake ya kila robo mwaka, na hofu kwamba mwenzake atajihesabia mafanikio yasiyo yake. Liliniuma, na linaniuma bado. Kikao kikaahirishwa, mwamba ukabaki wazi.

Mtandao wa kweli ungemweka mvuvi wa kijiji cha pili kwenye kiti cha mtoa mada. Ungemwacha aeleze pia walipokosea: usiku wezi walipoingia mwambani, mlinzi alipokuwa ndugu wa mwizi, mnunuzi aliposhusha bei baada ya kuona pweza ni wengi. Wafadhili hawapendi kusoma hayo, lakini anayekwenda kufunga kwa mara ya kwanza anayahitaji kuliko picha za rangi. Na baada ya ziara ya kwanza kuwe na ya pili, mwaka mmoja baadaye, siku ya kufungua, kwa sababu maswali mazito huja ukishaanza. Nimeona bajeti nyingi zenye ziara moja. Yenye mbili sijaiona bado.

Mzee yule nilikutana naye tena baada ya muda mrefu, kwenye harusi. Alikuwa ameketi na shemeji yake wa kijiji cha pili, akaniita kwa mkono. "Nimeshapata jibu," akasema. "Wanafunga mwamba mmoja tu. Mingine wanaendelea kushuka kama kawaida."